Chifu Bado ni wa Sufuria Ndogo

Baba,

Barua zote ulizoniandikia nikiwa shule ya bweni zilianza na habari za mbwa. Watu walifuata baadaye, tena kwa mkato: mama yako hajambo, mbuzi mweusi amezaa, soma. Wenzangu bwenini walinicheka mpaka basi, wakisema Atieno ana ndugu wenye mikia. Leo ni zamu yangu kuandika, nami nitafuata utaratibu wako. Naanza na Chifu. Habari yake ni ndefu na mwanzo wake si mzuri, kwa hiyo tulia, usinikatize kama ulivyozoea.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hivyo ndivyo tulivyoandikiana. Nyumbani tulizungumza Dholuo, lakini ukishika kalamu ulikuwa mtu wa Mombasa, kwa ile miaka yako ya kazi bandarini, na ukiona kosa langu ulilizungushia duara na kunirudishia barua yangu mwenyewe kwa posta. Nani hufanya hivyo kwa mtoto wake? Siku hizi nikikosea hakuna anayejali, na kwa kweli natamani ungekuwepo unizungushie.

Ulituacha mvua za masika zikielekea kwisha. Chifu alikuwa bado mtoto, tumbo mviringo, masikio hayajaamua kama yatasimama au yatalala. Ndiye uliyembakiza katika uzao wa mwisho wa Serikali. Wengine uliwagawia majirani. Watu waliotoka mbali kuja matangani waliuliza kwa nini mbwa mama anaitwa Serikali, na kila mara mtu wa hapa Magunga aliwajibu kwa maneno yako: anabweka sana na anafika mwizi akishaondoka. Basi mtoto wa Serikali angeitwa nani kama si Chifu? Siku ya mazishi, chifu mwenyewe, yule wa watu, aliposimama chini ya hema kutoa rambirambi, mbwa wako akapita mbele yake na mfupa mdomoni, na mama mmoja wa jikoni akapaza sauti, "Chifu, wacha hiyo nyama!" Chifu wa watu akashusha kipaza sauti. Kisha akaanza kucheka, yeye kwanza. Matanga yote yakacheka, Baba. Nami nilicheka huku machozi yananitoka, nikageuka kukutafuta nione kama umesikia.

Mchungaji hakutaka tero buru. Alisema kifo kimeshashindwa, hakihitaji kufukuzwa na mafahali. Wazee wakamsikiliza kwa heshima zote, wakamsindikiza mpaka kwenye gari lake, na gari lilipopotea kwenye kona wakaleta mafahali. Mtu mwenye boma lake na wajukuu hawezi kuzikwa kimya kimya, walisema. Unajua jinsi ilivyo, wewe mwenyewe uliwakimbilia wengi: mikuki, filimbi, matawi vichwani, wanaume na ng'ombe wakitimua mbio mpaka porini kukipeleka kifo mbali na nyumba, kisha mbio kurudi. Safari hii walielekea upande wa mbuga, mpaka kwenye ule ua wa seng'enge wa Ruma.

Baba Mdogo Odongo ndiye aliyesema mbwa wako lazima waende. Serikali alikwenda kwa hiari yake, nyuma ya watu wote, akafika nusu ya njia na kurudi nyumbani kwa njia ya mkato. Chifu alikuwa amelala chini ya viti vya kukodi. Baba Mdogo alimwamsha, akamfunga kamba ya mkonge shingoni na kusema, "Hii mbwa ni ya mzee. Haiwezi kubaki hapa na kifo." Hakuna aliyempinga, maana lilisikika kama jambo la upendo, na lilikuwa la upendo kweli. Mimi na Mama tulikuwa ndani, na tulisikia filimbi tu zikienda na kurudi.

Chifu alikimbia njia yote. Watoto wa mbwa ndivyo walivyo, hawajui kukataa. Kamba ilipokaza alikimbia, ilipolegea alikimbia, na aliporudi ulimi uko nje watu walimpigia makofi, wakasema huyu ni mbwa wa mzee kweli kweli. Akanywa maji, akarudi chini ya viti vyake. Kesho yake asubuhi hakuweza kusimama. Mguu wa mbele ulikuwa umevimba kwenye kifundo, na kila alipoukanyaga alilia ile sauti nyembamba inayomfanya mtu atake kutoka nje ya ngozi yake.

Mama alitoka mlangoni, akamtazama, akasema, "Mzee anaita mbwa wake." Alisema mara moja tu, bila kupandisha sauti. Kisha akaingia ndani na hakumtazama tena.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya. Usifikiri Mama alilia. Angelia ningejua la kufanya. Alikaa kitandani ameelekea ukutani, akila alicholetewa na majirani, akijibu alichoulizwa. Jikoni hakuingia. Mafiga yalipoa mpaka kuku wakaanza kulala katikati yake. Nami niliyekuja kutoka Kendu Bay kwa mazishi tu, na kibandiko kwenye mlango wa duka langu la kushona kinachosema narudi hivi karibuni, nikawa nalala kwenye kiti nikimsikiliza kama anapumua.

Baba Mdogo naye alikuwa na dawa yake. Alisema Chifu miguu imekaza kwa kukaa, mbwa ni kukimbizwa, na mwanawe mwenye bodaboda angemchukua akae kwake pale sokoni Magunga, amkimbize nyuma ya pikipiki kila asubuhi mpaka miguu ifunguke. Mama aliposikia alisema kutoka kitandani, "Mpeleke. Mpeleke tu." Hakutaka afie mikononi mwake, hilo nilielewa. Aliona kwamba ulikuwa unaondoka kwa awamu, kwanza wewe, sasa mbwa wako, na hakuwa na nguvu ya kukuzika tena. Nami niliona kitu kingine. Niliona kwamba mbwa huyu akifa, au akitoka kwenye hili boma, Mama hatageuka tena kutoka ule ukuta. Nikasema mnipe muda kidogo, na nikamwambia Baba Mdogo hapana. Unajua Odongo asivyozoea kuambiwa hapana na msichana aliyebebwa naye mgongoni.

Nikamtia Chifu kwenye kikapu cha sokoni, nikapanda naye bodaboda mpaka kwa daktari wa mifugo. Alikuwa mama mmoja mpole mwenye gambuti kama zako. Alimbonyeza kifundo, akamkunjua mguu taratibu, akaniuliza, "Mlimkimbiza?" Nikamweleza habari ya mafahali. Hakucheka wala hakunilaumu. Alisema mifupa ya mtoto bado ni laini kule mwisho inakokulia, na ukimkimbiza mbali kabla haijakomaa inaweza kuharibika moja kwa moja. Huu haukuvunjika, lakini umeumia. Apumzike kwanza. Uvimbe ukiisha, nianze kumtembeza kidogo kidogo, asubuhi na jioni kukiwa na ubaridi, na nimwache acheze mwenyewe kwenye majani kadiri atakavyo. Akiketi, nisimvute.

Nilimuuliza kidogo ni kiasi gani. Akaniambia wengine huhesabu dakika tano kwa kila mwezi wa umri wake, lakini yeye huwaambia watu wamwangalie mbwa, wasiangalie saa. Hapo nikashindwa kujizuia, nikaanza kulia mbele yake, kikapu mapajani. Maskini yule mama alidhani ni kwa sababu ya mguu.

Nilikuwa nimekumbuka sufuria.

Nilikuwa na umri gani, Baba? Mdogo, maana kamba niliishika kwa mikono miwili. Mtoto wa mbwa wakati ule alikuwa Diwani, yule aliyekuja kuuma mgombea. Wewe ulikuwa umechutama jikoni, mahali ambapo Mama alisema mwanamume hana shughuli, ukiweka ile sufuria ndogo iliyobonyea kwenye mafiga. Ukasema, "Dana, mtembeze. Maji yakichemka nitakuita, na nikikuita unarudi, hata kama yeye hataki." Uliniita Dana, yaani bibi, kwa kuwa nina jina la mama yako, na uliponiita hivyo nilijiona mkubwa wa nyumba. Diwani alipoongezeka mwili, ukahamia sufuria ya pili. Kisha ya tatu. Mbwa mkubwa, sufuria kubwa. Mama alisema ni kisingizio cha kukaa karibu na chakula. Nilipokuuliza kwa nini usitumie saa kama watu, ulisema mtu mwenye saa huangalia saa, lakini mtu aliyeacha sufuria motoni hujua kurudi. Halafu ukasema lile ambalo nimekuwa nikilirudia mwaka huu wote: "Mtoto wa mbwa hajui kwamba amechoka mpaka awe ameshaumia. Uchoke wewe kwa niaba yake."

Ulikuwa na masharti mengine pia. Asiruke kutoka kwenye mkokoteni. Asifuate kitu chenye magurudumu. Akicheza mwenyewe nyasini hiyo si kazi, aachwe. Na akilala mtu asimwamshe, hata kama ni Yesu amerudi. Kwa hili la mwisho Mama alikuwa akifunga macho na kukuombea msamaha papo hapo.

Basi uvimbe ulipoisha nikashusha sufuria ndogo kutoka ukutani, nikafukuza kuku, nikawasha moto. Nikamfunga Chifu kitambaa laini badala ya ile kamba ya mkonge. Tukatoka. Alikwenda kwa kuchechemea kutoka mlangoni mpaka kwenye kaburi lako, ambalo unajua si mbali, ni hapo mkono wa kulia wa nyumba. Serikali alikuwa amelala pale kama kawaida yake. Chifu akamnusa mama yake, akanusa udongo, akaketi. Nami nikaketi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba hakuna mtu jikoni wa kuniita.

Nilichosikia ni sauti ya Mama. "Atieno! Unaniunguzia sufuria! Atieno!"

Maji yalikuwa yamekauka na sufuria inanuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na leso yake imefungwa upande, ameishika ile sufuria kwa jani la mgomba, akinigombeza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku uliyolala. Eti nimesomeshwa bure. Eti hata kuchemsha maji nashindwa. Eti hiyo sufuria alikuja nayo kutoka kwao Kisegi siku ya harusi, na mimi nikaja kuiua kwa siku moja. Sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile.

Jioni iliyofuata nilipowasha moto alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kigoda. Nikamwambia si lazima. Akasema, "Nalinda sufuria yangu." Hakutaja mbwa, wala hakumtazama. Lakini maji yalipochemka aliita, "Yamechemka!" nasi tukarudi, na kwa kuwa maji yameshachemka na unga uko pale, mtu afanye nini? Akasonga ugali. Ndivyo ugali ulivyorudi kwenye nyumba yako, Baba. Hakukuwa na mkutano wala maombi.

Baada ya hapo ikawa desturi. Mimi na Chifu kaburini na kurudi, Mama kwenye kigoda. Nilikuwa nadhani analinda sufuria kweli, mpaka jioni moja maji yakakawia mno. Chifu alikuwa amepata mjusi kwenye mawe, anamfuata kwa pua, mkia juu, hataki kukaa, na wito hauji. Niligeuka kuangalia jikoni nikamwona Mama ameinama, anavuta kuni nje ya moto moja moja. Alikuwa anatuchungulia kupitia pengo la ukuta. Alimwona mbwa anafurahi, akatuongezea muda. Siku nyingine Chifu alipojikwaa na kuanza kuinua ule mguu, moshi ulifuka ghafla, kuni zote zimeingizwa kwa pamoja, na "Yamechemka!" ikaja kabla sijapiga hata hatua ya pili. Nilirudi nikayagusa maji kwa kidole. Yalikuwa vuguvugu.

Nikampa unga, akasonga ugali.

Sasa mbuzi. Nilikuwa nawakwepa kwenye barua hii, lakini najua utauliza. Wakati wa kiangazi fisi walianza kutoka mbugani, na Serikali, tuseme ukweli, ni mzee. Wakamchukua yule mbuzi wako mwenye pembe moja. Walimpata mchana, Baba, karibu na bwawa. Baba Mdogo aliona mabaki, akaja hapa macho mekundu. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimekwenda Kendu Bay kuchukua cherehani yangu, kwa sababu nilikuwa nimeamua kushonea hapa hapa sare za shule mpaka Mama asimame vizuri. Kwa hiyo haya nimesimuliwa na Baba Mdogo mwenyewe, na anayasimulia kila mahali.

Alifungua zizi, akamshika Chifu ili aende na mbuzi siku nzima mpaka kwenye ua wa mbuga. Na hebu tumwelewe. Mbuzi wasio na mbwa upande ule ni chakula kilichotengwa. Hata wewe ungekuwa na wasiwasi. Lakini alipofika langoni alimkuta Mama amesimama katikati, mwiko mkononi, ugali bado umeshika kwenye mwiko.

"Odongo, huyo haendi."

"Nyar Kisegi, hii ni mbwa ama ni mgeni? Mbuzi wanaisha!"

"Chifu bado ni wa sufuria ndogo!"

Baba Mdogo anasema alitaka kucheka, akauona ule mwiko, akaona afadhali asicheke. Akamwambia Mama, "Yawa, si wewe ulisema nimpeleke?" Mama akamjibu kwamba alisema, ndiyo, na sasa anasema lingine. Kisha akamwambia kitu ambacho Baba Mdogo hukisimulia kwa sauti ya chini, tena si mbele ya watu wote. Alisema, "Mlimkimbiza kuzika. Hapa atatembea."

Baba Mdogo akaiachia kamba. Akaketi juu ya jiwe pale langoni, akamwambia Mama kwamba hakumfunga kamba kwa ubaya, alitaka tu kifo kisibaki nacho kitu chako chochote. Akalia kama mtoto. Mama akampa ugali. Na tangu siku hiyo, Odongo huyu huyu ambaye uliwahi kusema hawezi kulinda hata uji usimwagike, huwapeleka mbuzi wako yeye mwenyewe, na mbwa wake wawili na rungu, akinung'unika tangu asubuhi mpaka jioni. Anasema mgongo unamuuma. Anasema zamu ya Chifu ni lini. Kila siku anamuuliza Mama, "Tuko sufuria gani?" kama mtu anayeuliza matokeo ya mpira.

Tulihamia sufuria ya pili wakati wa mvua za vuli, na kwa sufuria ya pili tulifika langoni na kurudi. Ya tatu ikatufikisha barabarani, kisha kisimani. Mama ndiye aliyeamua lini. Mimi sikuulizwa. Siku moja nilikuwa nikimpiga brashi Chifu, nikitaka kukipapasa kile kifundo, nikagundua kwamba sikumbuki tena kilikuwa cha mguu gani. Nikabonyeza wa kulia, nikabonyeza wa kushoto. Alinilamba mkono akidhani ni mchezo.

Mambo mengine kwa ufupi, kama zako. Nywele za Mama, zile alizonyolewa matangani, zimeota tena, na zimeota nyeupe. Redio yako inafanya kazi ukiipiga upande. Duka la Kendu Bay nimelipangisha kwa mwenzangu mmoja mwaminifu, na cherehani iko chini ya dirisha lako. Watoto wa shule ya jirani wote sasa wanatembea na suruali zangu. Chifu wa watu alikuja kumjulia hali Chifu wa mbwa na kuleta mifupa. Gambuti zako bado ziko mlangoni. Nilitaka kuzigawa, kisha nikaona Mama anazipangusa vumbi, nikaziacha zikae.

Sasa nifike kwa leo.

Ile sufuria kubwa ya matanga, ile yetu wenyewe iliyopikia watu wa upande wa mama, ililala kifudifudi nyuma ya jikoni tangu wageni walipoondoka. Mama hakuigusa. Akitaka kupita upande ule alizunguka. Leo asubuhi, kabla sijaketi kwenye cherehani, nilisikia kitu kizito kinaburutwa. Nilipotoka nilimkuta ameilaza ubavu anaisugua masizi kwa mchanga na majivu, mikono mpaka kwenye viwiko. Nikataka kumsaidia, akanisukuma kwa bega. Aliyatanua mafiga ili ikae. Kisha akaijaza maji, mtungi baada ya mtungi, mpaka sikujua nifikirie nini. Nilidhani kuna mtu amekufa na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa.

Nikamuuliza, "Mama, kwani tunapikia nani?"

Akachochea moto. "Ni ya Chifu," akasema. "Nendeni na mbuzi, mfike mpaka mbugani. Hii haichemki leo wala kesho."

Tulikwenda, Baba. Baba Mdogo mbele anaimba kwa furaha ya mtu anayetarajia kustaafu, mbuzi katikati, mimi nyuma. Chifu hakuwa na kamba. Serikali alitusindikiza mpaka ile njia yake ya mkato na hapo akatuaga. Wewe ungemwona Chifu! Hakukimbia ovyo. Alikwenda ubavuni mwa mbuzi, akitangulia kidogo, akisimama, akisikiliza. Masikio yote mawili yamesimama, yaliamua mwishowe. Tulipofika kwenye ua wa seng'enge alinusa nguzo, akatazama ndani kwa muda mrefu, akaketi. Baba Mdogo alinitazama. Nilimwonyesha kwa mkono, tungoje. Tukangoja. Upepo ulikuwa unatoka mbugani, majani yote yameinama upande wetu. Kisha Chifu akainuka mwenyewe, akajikung'uta, akawafuata mbuzi.

Tulirudi jua likiwa limeshuka. Mama alikuwa bado kwenye kigoda, moto umekuwa makaa, sufuria inafuka mvuke. Hakuuliza habari za mbuzi. Aliuliza, "Aliketi?"

Nikasema mara moja, kwenye ua wa mbuga.

"Akainuliwa?"

"Aliinuka mwenyewe, Mama."

Alisimama. Akamshika Chifu kichwa kwa mikono miwili, kwa mara ya kwanza tangu ulipotutoka, akakitazama. Kisha akafunika uso kwa leso akalia, Baba. Alilia kwa sauti, alilia kwa jina lako, lile ambalo sisi watoto haturuhusiwi kulitamka. Majirani walitoka kwenye maboma yao wakadhani ni msiba. Nilimshika. Baba Mdogo akashika ukingo wa jikoni na kulia naye. Chifu alituzunguka mara kadhaa, akaona hatuna jambo la maana, akajilaza chini ya kigoda na kulala. Mama alipomaliza alipangusa uso, akaitazama ile sufuria iliyojaa, akasema haya maji yote hayatamwagwa, leteni unga, na waiteni hao wanaochungulia pale uani waje wale.

Sasa watu wamekwenda. Nimekuja kuketi hapa kando yako na daftari langu la vipimo vya sare, bado kuna mwanga wa kutosha. Chifu yuko miguuni pangu, Serikali yuko kwako. Mama amesema nisikae sana kwenye umande, na ameweka sufuria ndogo, ile iliyobonyea, kwa ajili ya chai.

Baba, sitakufukuza. Wao walikimbia kufukuza kifo, na wafanye, ndiyo desturi yetu, nami sina ugomvi nayo. Lakini wewe utakaa hapa mkono wa kulia wa nyumba, na kila mtoto wa mbwa atakayezaliwa kwenye boma hili matembezi yake ya kwanza yatakuwa kutoka mlangoni mpaka kwako, aketi akitaka, arudi akiitwa. Nakuahidi hilo. Na Mama simharakishi, hilo nalo nakuahidi. Siku akitaka kuketi, nitaketi naye.

Nasikia anaita, yamechemka. Lazima nirudi, hata kama sitaki.

Lala, Baba. Hakuna mtu atakayekuamsha.

Mwanao,
Atieno, Dana wako